Tuzo ya daftari: Marine walivyosifiwa, wakavuliwa sifa, wakarudi kuhesabu

FEBRUARI 6, 2014, Waziri wa Ulinzi wa Marekani wa wakati huo, Chuck Hagel, aliingia katika Ukumbi wa Mashujaa uliopo makao makuu ya wizara yake, Pentagon, nje kidogo ya jiji la Washington. Ukumbi huo una majina ya askari waliotunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini humo, baadhi yao wakiwa wamepoteza maisha vitani. Siku hiyo, hata hivyo, hapakuwa na aliyeteka kilima wala aliyembeba mwenzake chini ya mvua ya risasi. Waliokuwa wakipongezwa ni watu wa hesabu wa kikosi cha Marine.

Hagel mwenyewe alikiri kwamba huenda likaonekana jambo geni kuutumia ukumbi huo kusifia uhasibu, lakini akasisitiza kuwa yaliyofanyika yalistahili sifa. Kikosi cha Marine kilikuwa kimepata hati safi ya ukaguzi kwa hesabu zake za mwaka wa fedha 2012, na hakuna jeshi jingine chini ya wizara hiyo lililokuwa limewahi kufika hapo.

Machi 23, 2015, yaani baada ya mwaka mmoja na wiki sita hivi, Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo hiyo aliifuta hati ile.

Mkulima wa korosho wa Masasi au mwenye duka la pembejeo Mbalizi anaweza kuuliza, hayo ya Pentagon yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu kilichowaangusha Marine si mabilioni yaliyoibwa. Kiliwaangusha kitu ambacho karibu kila chama cha msingi, SACCOS au duka la jumla kinacho: fedha ambazo hazijulikani ni za nani, zilizowekwa pembeni kusubiri mtu azitolee maelezo. Na walipoamua kurekebisha, walifanya kazi ambayo kila mtunza ghala anaijua, ya kutembea kati ya mali wakiwa na karatasi na kalamu na kuhesabu.

Lugha ya hati za ukaguzi si ngeni kwa waliozoea kusoma taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, au zile za COASCO zinazohusu vyama vya ushirika. Hati safi inamaanisha mkaguzi ameridhika kuwa hesabu zinaonyesha hali halisi. Hati yenye shaka inamaanisha ameridhika isipokuwa katika maeneo fulani, ambayo huyataja. Yapo pia matokeo ya aibu zaidi, pale mkaguzi anaponyoosha mikono na kusema hawezi kutoa maoni yoyote, kwa kuwa vielelezo alivyopewa havitoshi hata kumwezesha kusema hesabu ni mbaya. Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa ujumla wake imekuwa ikipata hayo ya mwisho.

Si kwamba sheria haipo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha nafasi ya afisa mkuu wa fedha katika kila wizara kubwa, na mwaka 1994 likaongeza nyingine iliyozitaka wizara hizo kuandaa hesabu za mwaka zinazokaguliwa. Nyingi zilijitahidi zikafika. Ulinzi ilibaki nyuma, na sababu mojawapo ni kwamba kila jeshi lilikuwa limejijengea mifumo yake ya hesabu, mingine ya miongo kadhaa iliyopita, isiyozungumza na mifumo ya wenzao. Septemba 10, 2001, Waziri Donald Rumsfeld alisema hadharani kwamba kwa makadirio fulani wizara yake haikuweza kufuatilia miamala ya dola trilioni 2.3. Kauli hiyo imepotoshwa mara nyingi na watu wanaodhani alisema fedha hizo zimepotea. Alichosema ni kwamba njia zilizopita hazionekani vitabuni. Mwenye duka anayejua kuwa mauzo yapo lakini hana risiti anaelewa tofauti hiyo, na anaelewa pia kwa nini haimfariji.

Akaunti ya kusubiri

Hati ya mwaka 2012 ilikuwa na mipaka yake tangu mwanzo, jambo ambalo shangwe za ukumbini hazikuliweka mbele. Wakaguzi hawakupitia mali zote za kikosi, majengo, magari na risasi. Walikagua taarifa ya shughuli za bajeti ya mwaka ule pekee: fedha zilizotolewa na Bunge, zilizopangiwa matumizi na zilizolipwa. Hata masalio ya miaka ya nyuma hayakuguswa. Wizara ilichagua njia hiyo kwa hoja kwamba ni afadhali kuanza na kipande kinachowezekana, na hoja hiyo peke yake haina kasoro. Mtu anayefundisha chama kipya kutunza vitabu huanza na daftari la fedha taslimu kabla ya kugusa thamani ya mashine.

Tatizo lilizuka mahali pengine. Hazina ya Marekani ina akaunti maalumu ambazo miamala hutupwa kwa muda pale inapokosa taarifa za kutosha kuonyesha ni ya nani na ni ya bajeti ipi. Wahasibu huziita akaunti za kusubiri. Kwa kanuni, mwamala ukiingia humo unatakiwa utoke haraka: mtu auchunguze, atambue mwenyewe, auandike mahali pake. Ilipofika mwaka 2015 ilikuwa imebainika kwamba ndani ya akaunti hizo, ambazo zilichanganya miamala ya matawi zaidi ya moja, ilikuwamo ya Marine ambayo haikuwa imeandikwa katika vitabu vyao. Kiasi gani hasa, hakuna aliyeweza kusema. Basi kama haijulikani ni kiasi gani hakikuandikwa, haiwezekani kusema kuwa kilichoandikwa ndicho chote. Mkaguzi Mkuu akatangaza kuwa hati ile isitegemewe tena.

Julai 2015 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, nayo ilitoa taarifa yake, na haikuwaonea haya waliotoa hati. Ilisema ofisi ya Mkaguzi Mkuu haikuwa imefanya vipimo vya kutosha kuweza kuitetea. Kwa maneno mengine, hata kama akaunti za kusubiri zisingegundulika, hati ile ilisimama juu ya mguu mmoja.

Ili jambo hili lisibaki la Washington, chukua mfano wa chama cha msingi kinachouza mazao ya wanachama kwa mnada kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi amelipa, chama kimepeleka orodha benki, na malipo ya wakulima 600 yametoka. Wakulima 14 hawakupata: mmoja namba yake ya akaunti imekosewa tarakimu, mwingine jina la kitambulisho haliendani na la benki, wa tatu amefariki na familia haijamaliza mirathi. Fedha zao zinarudi. Karani anaziweka kwenye mstari wa mwisho wa daftari wenye maneno "malipo yaliyorudi", akitarajia kuushughulikia wiki ijayo. Wiki ijayo kuna mnada mwingine. Msimu unakwisha, mstari ule sasa una fedha za wakulima 14 pamoja na makato ya usafiri yaliyokosewa na marejesho ya mfuko wa pembejeo, na hakuna anayeweza kutenganisha. Chama kinaonekana kina fedha benki. Mwenyekiti anausomea mkutano mkuu salio zuri. Sehemu ya salio hilo ni ya mjane asiyejua kama anadai.

Hapo hakuna aliyeiba, walau mwanzoni. Lakini mstari wa namna hiyo ukishanona ndipo mtu mwenye nia mbaya anapojua pa kuchota, kwa sababu hakuna atakayelalamika kuwa chake kimepungua.

Ghala lisilokuwa daftarini

Mwaka wa fedha 2018, ambao kwa Wamarekani huanza Oktoba 1 na kwisha Septemba 30, wizara nzima ilikaguliwa kwa mara ya kwanza. Mali zilizohusika zilikuwa za thamani ya takriban dola trilioni 2.7, na wakaguzi wapatao 1,200 walitembelea mamia ya maeneo. Matokeo yalipotoka Novemba mwaka huo, Naibu Waziri Patrick Shanahan aliwaambia waandishi wa habari kuwa wameshindwa, na kwamba hawakutarajia kufaulu. Zoezi hilo, pamoja na kurekebisha kasoro zilizobainika, liligharimu karibu dola bilioni 1.

Fedha hizo si kidogo, na wapo waliohoji kama zililipa. Jibu moja lilitoka Jacksonville, Florida. Mwaka 2019 Thomas Modly, ambaye alikuwa naibu waziri anayehusika na Jeshi la Majini, alieleza jinsi ukaguzi ulivyofichua ghala ambalo halikuwa kwenye vitabu vya jeshi hilo. Ndani yake mlikuwa na vipuri vya ndege vya thamani ya dola milioni 126. Baadhi vilikuwa vya ndege aina ya F-14, ambazo Jeshi la Majini liliacha kuzirusha mwaka 2006. Vingine vilikuwa vya ndege zinazoruka, ambazo mafundi wake walikuwa wameagiza vipuri na wanasubiri. Mara tu vilipoingizwa kwenye mfumo, maagizo ya thamani ya zaidi ya dola milioni 20 yalijazwa kutokana na mali iliyokuwa imelala pale pale.

Huko Utah, katika kambi ya Jeshi la Anga ya Hill, lilionekana kosa la upande wa pili. Mota za makombora za thamani ya dola milioni 53 zilikuwa zimeandikwa kuwa hazifai kutumika, kumbe zilikuwa nzima.

Mifano hii inaonyesha kwa nini mkaguzi mzuri huhesabu kwa kwenda na kurudi. Kwanza anachukua daftari, anachagua mistari kadhaa, na kwenda ghalani kutafuta kama vitu vilivyoandikwa vipo kweli. Hiki ndicho kipimo ambacho karibu kila mtu anakijua, kwa kuwa kinamkamata mwizi. Kisha anafanya kinyume: anasimama katikati ya ghala, ananyoosha kidole kwenye rundo lolote, na kuuliza liko ukurasa gani. Kipimo hiki cha pili husahaulika, kwani watu wengi hudhani kuwa mali iliyozidi si tatizo. Jacksonville inasema vinginevyo. Ghala lile lingefaulu kipimo cha kwanza miaka yote, maana hapakuwa na mstari wowote daftarini wa kuutafuta.

Katika ghala la mazao, magunia yasiyo na ukurasa huwa na mwenyewe. Huenda ni ya wakulima walioleta mzigo jioni, mizani ikiwa imefungwa, wakaambiwa stakabadhi wataifuata kesho. Huenda ni uzito uliopunjwa kilo moja moja kwenye mizani mpaka yakapatikana magunia kamili. Kamati ya usimamizi inayoingia ghalani kuhesabu magunia 400 kwa sababu daftari linasema 400, ikayapata na kuondoka, haijaona kama nyuma yapo mengine 30.

Milioni 24

Marine walikuwa na hiari ya kujificha ndani ya kundi, maana ndugu zao wote walikuwa wakishindwa. Walichagua kurudi, na safari hii kwa hesabu kamili, si kipande cha bajeti. Oktoba 2021 walihama kutoka mfumo wao wa zamani wa kompyuta kwenda mpya. Wakaomba pia jambo lisilo la kawaida, nalo likakubaliwa: badala ya kukaguliwa na kushindwa kila mwaka, wakaguzi wafanye kazi kwa mzunguko wa miaka miwili mfululizo ili wawe na muda wa kwenda kuhesabu.

Wakaguzi wa nje walifika katika maeneo zaidi ya 70, Marekani na ng'ambo. Kwa mujibu wa taarifa ya kikosi hicho ya Februari 23, 2024, walihakiki majengo, ardhi na miundombinu zaidi ya 7,800, zana za kijeshi 5,900, vipuri na vifaa vingine milioni 1.9, na risasi na mabomu milioni 24. Sehemu ya mali hizo haikuwa hata mikononi mwa Marine wenyewe, kwani ilikuwa imetunzwa katika maghala ya Jeshi la Nchi Kavu na la Majini. Hapo msomaji aliyeweka mpunga wake kwenye ghala la mtu mwingine atatikisa kichwa. Mali ni yako, ufunguo ni wa jirani, na daftari lake linatumia jina jingine kwa kitu kile kile.

Siku hiyo ya Februari 2024 ndipo ilipotangazwa kuwa hesabu za Marine za mwaka wa fedha 2023 zimepata hati safi. Ilikuwa imepita miaka kumi kamili, na siku chache, tangu sherehe ya Ukumbi wa Mashujaa. Mwaka uliofuata waliipata tena.

Haifai kuificha sehemu isiyopendeza. Hata katika hati hiyo safi, wakaguzi waliorodhesha udhaifu mkubwa katika udhibiti wa ndani. Maana yake ni kuwa takwimu za mwisho zilikuwa sahihi, lakini sehemu ya usahihi huo ilitokana na jasho la watu waliohesabu na kusahihisha kwa mkono, mifumo ikiwa bado haijaweza kuutoa yenyewe. Hali kama hiyo inajulikana katika vyama vingi ambavyo hesabu zake hukaa sawa kwa sababu ya karani mmoja mwaminifu. Karani akistaafu, zinaanguka.

Hati safi na bei

Kuna jambo jingine ambalo wanaoshangilia hati safi hulisahau. Mkaguzi wa hesabu anathibitisha kuwa kilichoandikwa kimetokea na kimeandikwa mahali pake. Kama kilichonunuliwa kilihitajika, au kama bei ilikuwa ya haki, hilo ni swali la watu wengine. Chama kinaweza kununua trekta lisilofaa kwa udongo wa kwao, kikaliandika vizuri kabisa, na kupata hati safi.

Hapa Tanzania inayo kumbukumbu yake. Rada iliyonunuliwa kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, ununuzi ulioidhinishwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 2001, ililalamikiwa na Benki ya Dunia kuwa ni ya ghali na isiyolingana na mahitaji ya nchi. Uchunguzi wa miaka mingi uliofuata ulikuwa na maswali makubwa kuhusu malipo kwa wakala. Ilipofika mahakamani mjini London Desemba 2010, kosa ambalo kampuni ilikiri lilikuwa la daftari: kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu shughuli zake Tanzania. Faini ilikuwa pauni 500,000. Pauni milioni 29.5 nyingine, zilizokubaliwa nje ya faini kwa manufaa ya Watanzania, zilifika mwaka 2012 na kuelekezwa kwenye vitabu vya kiada na madawati. Unaweza kulisoma tukio hilo kwa hasira au kwa mshangao. Ila ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi kosa la uandishi wa hesabu linavyoweza kushikika mahakamani mahali ambapo makosa mengine yameteleza.

Nani apewe tuzo

Marekani wana desturi ya kuwatambua wahasibu wa majeshi yao ambayo haifanani na ya kwingineko. Tangu mwaka 1948 kipo chama cha wanataaluma hao kilichojulikana kwa miaka mingi kwa kifupi cha ASMC, siku hizi kikiitwa Society of Defense Financial Management. Kila mwaka chama hicho hukutanisha maelfu ya watumishi kwa mafunzo, na hutoa tuzo kwa waliofanya vizuri katika uhasibu na fedha, bajeti, ukaguzi, uchanganuzi wa gharama na maeneo mengine, wakiwamo watumishi wageni kazini. Wizara yenyewe nayo ina tuzo zake za usimamizi wa fedha. Wanaoshinda wengi wao hawajulikani nje ya ofisi zao. Ni sajini aliyepunguza malipo yaliyochelewa, au mtumishi wa kiraia aliyesafisha madeni ya miaka mitano.

Linganisha na viwanja vya Nane Nane. Kila Agosti hutangazwa mkulima bora na mfugaji bora, na wanastahili. Nani amewahi kusikia karani bora wa mizani? Au mtunza ghala aliyefunga msimu pasipo kuwa na mstari hata mmoja wa malipo yaliyorudi? Watu hawa wanashika fedha za mamia ya familia, mara nyingi kwa posho ambayo haifiki ya kibarua wa kupakia, na jamii huwakumbuka siku wanapokosea. Si ajabu vijana waliosoma uhasibu wanaikimbia kazi hiyo mara wapatapo nyingine.

Lakini kisa cha mwaka 2014 kinatoa tahadhari kwa yeyote atakayetaka kuanzisha tuzo ya namna hiyo wilayani au katika chama kikuu. Wizara ya Ulinzi ilikuwa chini ya shinikizo la Bunge la kuonyesha maendeleo, na cheti cha kwanza kilipotokea kikakimbiliwa kwa shangwe. Kilichozawadiwa ni karatasi. Wahasibu wadogo wa Marine, ambao huenda walifanya kazi kwa uaminifu kabisa, wakajikuta mwaka uliofuata jina la kikosi chao likitajwa pamoja na neno kufutwa. Kama chama kikuu kitatangaza zawadi kwa kila chama cha msingi kitakachopata hati safi, viongozi watatafuta hati. Watakaokuwa na mstari mnene wa akaunti ya kusubiri watapata sababu ya ziada ya kuuficha.

Yapo mambo madogo yanayopimika kirahisi zaidi. Siku ngapi hupita kati ya malipo kurudi benki na mkulima kupatikana. Mara ngapi kwa msimu ghala limehesabiwa kwa kwenda na kurudi, na nani wasio wa kamati walishuhudia. Tofauti ngapi ziligunduliwa na karani mwenyewe kabla ya mkaguzi kufika. Hilo la mwisho hasa lingefaa kuzawadiwa, ingawa ni gumu kulikubali, kwa kuwa linamtaka mwenyekiti ampongeze mtu aliyemletea habari mbaya. Walioliandika ghala la Jacksonville vitabuni walifanya kazi ya namna hiyo: waliibua dosari ya taasisi yao wenyewe, na ndege zilizokuwa zinasubiri vipuri zikavipata.

Kwa upande wa Pentagon, ukaguzi wa mwaka wa fedha 2024 ulihusu mali za takriban dola trilioni 4.1. Kati ya taasisi 28 zilizokaguliwa kila moja kwa hesabu zake, matokeo yalipotangazwa Novemba 2024 yalionyesha tisa zimepata hati safi, moja yenye shaka, 15 wakaguzi wameshindwa kuzitolea maoni, na tatu zikiwa bado. Wizara nzima ikawa imeshindwa kwa mara ya saba mfululizo. Bunge limeweka sheria kwamba ifikapo Desemba 31, 2028 wizara iwe na hati safi kwa ujumla wake. Jeshi la Nchi Kavu, la Majini na la Anga, ambayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya mali, ndiyo yanayosubiriwa, na maofisa wake wamekuwa wakienda kuwauliza Marine walivyofanya.